Maswali ya Wafugaji: Nguruwe Anahema Mdomo Wazi, Kumbe Shida Iko Kwenye Pumba

Mwezi huu karibu kila aliyeniandikia ana nguruwe anayekohoa au anayehema, na karibu wote walishachoma sindano kabla hawajaniuliza, basi nimechagua barua tano, ya kwanza nitaijibu kwa kirefu maana ndiyo iliyoniumiza zaidi.

SWALI: Daktari shikamoo. Mi niko Mbozi nafuga nguruwe 14 wa kunenepesha. Tulivyomaliza kupukuchua tukatenga mahindi kama miaka yote, mazima ya kwetu, mabovu ya nguruwe, nikapeleka mashineni nikachanganya na pumba na mashudu ya alizeti. Kama siku ya nne hivi asubuhi nakuta wawili wamekaa kitako kama mbwa, wanahema mdomo wazi, masikio na pua zimekuwa za bluu, hata saa kumi jioni haijafika wote wameshakufa. Nikamuita kijana wa duka la dawa akachoma OTC (antibiotiki ya kuua bakteria) wote waliobaki, kesho yake akafa mwingine. Huyo tulimpasua, kifuani maji ya njano yamejaa yani unachota na kikombe, mapafu yamelowa mazito. Wazee wanasema hiyo ni homa ya nguruwe nichinje wote niuze kitimoto kabla hawajaisha. Nimechanganyikiwa. — Baba Wawili, Mbozi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, watatu kwa siku mbili si mchezo.

Kabla ya yote usiuze hata mmoja na usichinje. Wazee hawajakosea kuitaja homa ya nguruwe ya Afrika, maana huo ugonjwa ni wa huku kwetu kabisa, mara ya kwanza uliandikwa kutoka Kenya mwaka 1921 na mpaka leo hauna dawa, ukiingia bandani unafagia, na mtu anayeuza harakaharaka nguruwe wagonjwa ndiye anayeutembeza kijiji hadi kijiji. Hauambukizi binadamu ila unamfilisi jirani yako. Kwahiyo leo hii chukua kipimajoto, hata kile cha watoto cha famasia kinafaa, uwapime waliobaki kwa nyuma. Nguruwe mzima anacheza kwenye 39 hivi, juu kidogo au chini kidogo. Ukikuta 41, hawali, ngozi ya tumbo na masikio imekuwa nyekundu au zambarau, na ukimpasua aliyekufa unakuta bandama kubwa jeusi na figo zina madoa madoa ya damu, hapo funga geti, asiingie mtu asitoke nguruwe, piga simu kwa ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Sasa nikwambie ninachokiona kwenye barua yako. Hujataja homa, hujataja ngozi nyekundu, umetaja bluu, umetaja kuhema mdomo wazi, maji ya njano kifuani, na umetaja kitu kimoja ambacho nadhani hata wewe hukukipa uzito, kwamba ilikuwa siku ya nne baada ya kubadilisha chakula. Hiyo siku ya nne ndiyo iliyonishtua. Kuna sumu inaitwa fumonisini, inatengenezwa na ukungu unaoitwa fuzari, ule mweupe mweupe au wa pinki unaouona kwenye kichwa cha gunzi, hasa pale funza wa mabua alipotoboa. Nguruwe akila nyingi, kati ya siku ya tatu na ya saba hivi mapafu yanajaa maji, na akishaanza kuhema vile mara nyingi hamalizi siku.

Watu wakisikia ukungu na mapafu wanadhani nguruwe amevuta ukungu ukaota ndani. Hapana, hapa ukungu wenyewe hata haujafika kwenye pafu. Sumu inaingia na chakula, inaharibu namna seli zinavyotengeneza aina fulani ya mafuta ambayo mwili unayahitaji, yale mabaki yanayojikusanya yanadhoofisha moyo, moyo upande wa kushoto unashindwa kusukuma, damu inarundikana nyuma kwenye mapafu kama foleni ya malori Tunduma, mwisho maji yanavuja yanajaa mapafuni na kifuani. Ndiyo maana OTC haikufanya kitu, utampigaje bakteria ambaye hayupo? Yule kijana wa duka simlaumu sana, aliona nguruwe anahema akachoma kinachochomwa, ila pesa yako imekwenda bure.

Na usidhani ni uchawi wa Mbozi. Sumu hii iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na mahindi ya msimu wa 1989 kule Marekani yaliua nguruwe wengi kwa staili hiihii, kifua maji ya njano, ndipo wataalamu wakaunganisha. Farasi wakila hiyohiyo ubongo ndio unaoharibika. Nguruwe na farasi ndio wanaoumia kuliko wengine, ng'ombe anavumilia zaidi, kwahiyo usinijibu kwamba mbona ng'ombe wa jirani alikula hajafa.

La kufanya ni hili, toa hicho chakula chote leo, usikipunguze, usikichanganye na kizuri ili kiishe, kitoe. Safisha vihori, wape chakula kingine kisafi hata kama ni majani, viazi na mahindi mazima mliyotenga ya kwenu. Dawa ya kuondoa sumu hii mwilini haipo, nisikudanganye. Waache watulie, usiwakimbize kuwakamata kwa sindano maana nguruwe ambaye mapafu yana maji ukimkimbiza unammalizia. Wiki moja mbili zijazo angalia kama yupo mwenye macho ya njano, ini nalo linaumizwa na sumu hii, na kama una jike mwenye mimba anaweza kutupa.

Ukitaka uhakika chukua kilo moja ya hicho chakula, iweke kwenye mfuko wa karatasi sio nailoni kisizidi kuota, mwone mtaalamu akusaidie kuipeleka pamoja na vipande vya mapafu, bandama na figo kwenye Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo Iringa, au chuo kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Hapo ndipo homa ya nguruwe itathibitika au itakataliwa, mimi kwa barua siwezi kukuapia.

Kuna la kupasua pia, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mnyama aliyekufa ghafla damu inamtoka puani au nyuma na haigandi, au koo limevimba, USIMPASUE. Huyo anaweza kuwa na kimeta na kimeta hakichagui, kinaua na mpasuaji. Na wale waliokufa wenyewe hawaliwi hata kama mnadhani mmejua sababu, chimba shimo refu, fukia.

Halafu hili la mabovu ya nguruwe. Nimekulia huku nyanda za juu, najua mabovu yanatengwa kwa ajili ya nguruwe na pombe, mama yangu alifanya hivyohivyo. Ila hebu fikiria, mnapokoboa ukungu na sumu nyingi viko kwenye ganda la nje na kiini, nyie mnakula sembe nyeupe, zile pumba zilizobeba sumu nyingi kuliko punje yenyewe ndizo chakula cha nguruwe kila siku, alafu juu yake tena mnaongeza mahindi yaliyooza. Wamarekani wanataka chakula cha nguruwe kisizidi miligramu 10 za fumonisini kwa kilo, Ulaya wameweka 5. Sisi tunapima kwa jicho tu, na jicho linadanganya maana punje inaweza kuwa na sumu na ukaiona nzuri tu.

SWALI: Habari daktari. Nina watoto wa nguruwe 22 nimewaachisha kunyonya mwezi uliopita, nipo Kibaha. Wanahema haraka, wamedumaa, manyoya yamesimama, wawili wamekufa. Nimechoma antibiotiki, penistrep na tailosini, nimeweka dawa kwenye maji, wapi. Rafiki yangu anayesomea mifugo kaniambia inaweza kuwa nyumonia ya fangasi inaitwa nyumosisti. Nimeigoogle nikaogopa, maana mimi mwenyewe natumia ARV huu mwaka wa sita na nimesoma hiyo nyumonia inaua watu kama sisi. Je naweza kuipata bandani? Na je zile septrini zangu naweza kuwapa hawa watoto? Naomba usiandike jina.

JIBU: Dada yangu (au kaka, hukusema), kwanza jibu la usingizi wako, nyumosisti ya nguruwe si ya binadamu. Kila mnyama ana ya kwake, ya nguruwe inaishi kwa nguruwe, ya panya kwa panya, na ya binadamu ina jina lake tofauti na watu wanaipata kutoka kwa watu. Hutaitoa bandani.

Ulichosoma ni kweli lakini kwa upande wa binadamu. Tarehe 5 Juni 1981 Marekani walitoa taarifa ya vijana watano wanaume wa Los Angeles waliougua hiyo nyumonia wakati kwa kawaida kijana mwenye afya haimpati, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuijua UKIMWI. Kama unameza ARV vizuri na kinga iko juu huna sababu ya kulala macho. Hizo septrini umepewa kliniki kwa kazi hiyohiyo, kuizuia nyumonia hiyo na magonjwa mengine, kwahiyo ni zako, HUZIGAWI kwa nguruwe hata wawe wanakufa mbele yako. Nimesema kwa herufi kubwa.

Kichekesho cha hiki kimelea ni kwamba wasomi wenyewe kiliwachanganya miaka na miaka. Daktari mmoja wa Brazil, Chagas, alikiona huko kwao mwaka 1909 akadhani ni hatua moja ya vimelea vya jamii ya malale, mwaka 1912 kule Paris wakasema hapana hiki ni kitu kingine, na ikafika 1988 ndio vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni fangasi. Na ni fangasi wa ajabu, haoti kwenye sahani za maabara kama wenzake, na kwenye utando wa seli yake hana yale mafuta ambayo dawa za kawaida za fangasi zinayalenga, ndiyo maana flukonazoli haimfanyi kitu, ila mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu, yani ukoo wa septrini, ndio unaomuweza.

Sasa turudi kwa watoto wako. Inawezekana? Inawezekana, wanaoumia zaidi ndio hao waliotoka kuachishwa. Ila nakuomba usiigeuze nyumosisti kuwa jambazi mkuu. Mara nyingi sana inakutwa kwenye mapafu ambayo yameshadhoofishwa na kingine, virusi vinavyoshusha kinga ya watoto wa nguruwe, au mikoplazma, bakteria wadogo wa kikohozi. Fangasi anakuja kama mpangaji kwenye nyumba iliyobomolewa mlango. Ukitibu mpangaji ukaacha mlango, kesho anaingia mwingine.

Kwahiyo kabla hujanunua chupa ya nne, mpeleke mmoja aliyekufa asubuhi hiyohiyo TVLA Temeke, kutoka Kibaha sio mbali, waombe waangalie tishu ya pafu kwa hadubini na rangi maalumu. Mwambie mtaalamu aguse pafu, la nyumonia hii halisinyai ukifungua kifua, linabaki limejaa, gumu kama mpira na limepauka. Wakikuta kweli, salfa na trimethoprimu za mifugo zipo, utapewa dozi kwa kilo za nguruwe, na utazihesabu siku za kusubiri kabla ya kuchinja kama zilivyoandikwa kwenye chupa. Wakati unasubiri majibu watenganishe wanaohema, wape joto usiku, na punguza msongamano. 22 kwenye chumba kimoja? Hukuniambia ila nahisi.

Na wewe mwenyewe, banda la vumbi na ukungu sio zuri kwa mtu yeyote, kwako ndio zaidi, maana ukungu wa kawaida wa maranda na nyasi zilizolowa haubagui mnyama na mtu. Ukifagia vaa barakoa, mwagia maji kidogo kwanza vumbi litulie, na kikohozi chako kikizidi wiki mbili nenda kliniki uwaambie unafuga.

SWALI: Sasa daktari. Niko Kiambu, nguruwe wangu wanakohoa sana asubuhi tangu baridi ianze, Juni mpaka saa hii. Nimefunga mabanda yote na magunia ndio baridi isiwaingie lakini kukohoa kumezidi. Wanakula vizuri, hakuna amekufa. Nimewapa penisilini mara mbili.

JIBU: Poa ndugu yangu. Hayo magunia ndio ugonjwa. Ingia bandani alfajiri kabla hujafungua, uchuchumae kichwa chako kiwe sawa na pua ya nguruwe, ukae dakika tano. Macho yakianza kuwasha na koo kukwaruza basi hiyo ni amonia ya mkojo, na wao wamelala nayo usiku mzima. Inaunguza vile vinyweleo vidogo vya koo vinavyosukuma uchafu nje, vikishakufa kila kijidudu kinapita, bakteria, spora (mbegu) za ukungu kutoka kwa matandiko yaliyolowa, kila kitu.

Fungua juu, karibu na paa, hewa chafu itoke, uzibe chini tu pale wanapolala. Toa matandiko yaliyolowa leo, weka makavu, na kama maranda yananusa kama mkate uliovunda usiyaweke hata kama ni ya bure.

Hiyo penisilini uiache. Kikohozi kikavu cha nguruwe wanaokua, wanaoendelea kula na hawafi, mara nyingi ni mikoplazma, na mikoplazma haina ule ukuta ambao penisilini inaubomoa, kwahiyo unapiga hewa. Ukishapanga hewa vizuri wiki mbili na bado wanakohoa muite daktari achague dawa ya ukoo mwingine. Halafu umewapa dawa ya minyoo lini? Watoto wa minyoo wakubwa wa tumboni wanapita kwa mapafu kabla ya kurudi tumboni, na kama nguruwe wako huwa wanatolewa nje kuchimba udongo kuna minyoo ya mapafu yenyewe wanaipata wakila nyungunyungu. Wengi wanatafuta fangasi na virusi kumbe ni minyoo ya shilingi kidogo tu.

SWALI: Je nikizipika pumba zenye ukungu sumu inakufa? Na ule unga wa kufunga sumu wanaouza maduka ya mifugo una kazi kweli au ni biashara tu? — Mfugaji, Njombe

JIBU: Kupika kunaua ukungu, sumu inabaki. Ukungu ni kiumbe, sumu ni kitu alichokitema, ukiua nyoka sumu aliyokwishakutemea haifutiki. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yani sumu ya ukungu, ya mahindi, na ugali ule ulipikwa. Kenya 2004 walikufa watu 125.

Unga wa kufunga sumu, ule wa udongo, unafanya kazi vizuri kwa aflatoksini, sumu ya ukungu wa aina nyingine. Kwa fumonisini ninayoisema hapo juu ni dhaifu sana, kwahiyo ukinunua ukidhani umepata kibali cha kulisha mabovu umeliwa. Bora hiyo hela ununue mifuko ile ya kuzuia hewa na ukaushe mahindi sawasawa. Kujua kama yamekauka chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika kumi na tano hivi, chumvi ikinata kwenye chupa rudisha turubai juani. Ila fuzari anaanza kazi shambani gunzi likiwa bado kwenye bua, basi vuna kwa wakati, usiache mahindi yasimame yanyeshewe eti bado mnasubiri vibarua.

SWALI: Nguruwe wangu mmoja anakohoa akiwa anakula tu, akimaliza anaacha. Ni fangasi?

JIBU: Ni vumbi la pumba. Loweka chakula na maji kidogo kiwe kama uji mzito, uniambie baada ya siku tatu.